Kujifunza ufinyanzi kwa msanii mgeni: namna ya kuitumia warsha fupi

Msanii mgeni akija kufundisha kwa siku tatu au nne, awe hodari kiasi gani, udongo hautaenda mbio kwa ajili yake. Bakuli la kawaida lililofinyangwa leo linataka siku kadhaa, mara nyingi wiki nzima, ili likauke vizuri. Kisha linaingia kwenye tanuri kwa moto wa kwanza, linapoa, linapakwa glezi (ile rojo ya madini inayoyeyuka na kuwa kioo juu ya chombo), halafu linarudi motoni. Wiki mbili au tatu zimekwisha, na mgeni alishaondoka zamani.

Ndiyo maana anayekwenda kwenye warsha ya namna hii kutafuta chombo kizuri cha kurudi nacho nyumbani huwa anapoteza nafasi. Vyombo utavitengeneza baadaye, peke yako. Cha kuchukua kwa mgeni ni kile ambacho hakimo vitabuni: mikono yake inaanzia wapi, inaishia wapi, anaacha lini, na kwa nini aliacha hapo. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa lengo hilo.

Hatua ya 1: Chagua warsha kwa mbinu, jina la msanii lifuate

Kabla ya kujiandikisha, uliza maswali manne. Mbinu ipi hasa itafundishwa? Udongo ni wa aina gani na utachomwa kwa moto wa kiasi gani? Washiriki ni wangapi, na magurudumu ya kufinyangia ni mangapi? Na la nne, ambalo watu hulisahau: je, washiriki watafinyanga wenyewe, au ni maonyesho ya msanii na wengine mnakaa kutazama? Maonyesho si mabaya, lakini usilipie maonyesho ukidhani ni mafunzo ya mikono.

Zipo mbinu zinazoingia vizuri ndani ya siku chache na zipo zisizoingia. Kujenga kwa misokoto ya udongo, kufinya kwa vidole, kazi ya mabamba, na upambaji wa uji wa udongo wa rangi hujifunzika hata kama hakuna kitakachochomwa kabla ya mgeni kuondoka. Raku (uchomaji wa haraka wenye asili ya Japani) nayo inafaa sana, maana vyombo huja vikiwa vimeshapita moto wa kwanza. Hupakwa glezi, huingizwa katika tanuri dogo hadi karibu nyuzi 900 au 1000 za Selsiasi, kisha hutolewa kwa koleo vikiwa vyekundu na kuzikwa kwenye maranda ya mbao au majani makavu. Mmarekani Paul Soldner alianza majaribio ya namna hiyo mwaka 1960, na mtindo huo wa moshi ni tofauti na raku ya asili ya Japani, ambayo haina habari ya kufukia chombo kwenye majani. Kwa mwanafunzi, utamu wa raku ni kwamba matokeo unayaona mchana huohuo na mwalimu bado yupo. Ubaya wake ni kwamba chombo chenyewe hubaki na vinyweleo, hakishiki maji vizuri na hakifai kulia chakula.

Warsha inayoahidi gurudumu, vishikio, mifuniko, glezi na uchomaji ndani ya siku mbili, mimi ningeipita.

Hatua ya 2: Tayarisha mikono kabla mgeni hajafika

Muda wa mgeni ni ghali. Usiutumie kujifunza kitu ambacho mfinyanzi yeyote aliye karibu nawe angekufundisha.

Anza na kukanda. Udongo hukandwa ili unyevu uwe sawa kila mahali na hewa itoke. Kata bonge katikati kwa waya: ukiona vitundu, au tabaka gumu na laini vimechanganyika, endelea. Halafu, kama warsha ni ya gurudumu, hakikisha unaweza kuliweka katikati ya gurudumu bonge la kilo moja, lisiyumbe, bila msaada. Viwiko vishikiliwe kwenye mapaja au kiunoni, maana nguvu hutoka mwilini, vidole havina nguvu hiyo. Gurudumu liende kasi wakati wa kuweka katikati, lipunguzwe wakati wa kufungua shimo katikati ya bonge, lipunguzwe tena kuta zinapopanda. Asiyeweza hatua hii bado atakaa siku zote akipambana na bonge linaloyumba huku mgeni akionyesha mambo mengine kabisa. Kwa mtu huyo warsha ya misokoto au ya kufinya kwa vidole ina faida zaidi, na si daraja la chini. Baadhi ya vyombo bora kabisa duniani havijawahi kugusa gurudumu.

Kata kucha. Vua pete.

Hatua ya 3: Vifaa, na habari ya vumbi

Beba waya wa kukatia, sindano ndefu yenye mpini, sifongo dogo, kibao cha kulainishia, kisu chembamba, kijiti cha mbao, kipande cha ngozi laini cha kusawazishia mdomo wa chombo, mifuko ya plastiki ya kufunikia kazi, taulo, daftari na penseli. Kalamu ya wino huchafuka na kugoma kuandika mikono ikiwa na maji.

Vumbi la udongo mkavu lina silika (madini yaleyale ya mchanga), na silika ikivutwa miaka mingi huleta ugonjwa wa mapafu usiopona. Kwa hiyo karakana haifagiliwi kwa ufagio mkavu, inapigwa deki. Udongo uliokauka haukwanguliwi hovyo mezani, na anayechanganya unga wa glezi avae barakoa ya kuchuja vumbi, ile inayobana uso vizuri. Ukikuta karakana ambayo watu wanapuliza vumbi kwa mdomo, umeshajua wenyeji wako ni watu wa namna gani.

Hatua ya 4: Tazama mikono, usitazame chombo

Hapa ndipo warsha nyingi hupotelea. Msanii akikaa kwenye gurudumu, macho ya watu wote huvutwa na chombo kinavyopanda, na kweli kinapendeza. Lakini chombo ni matokeo tu, na sababu ziko kwingine.

Mara ya kwanza anapoonyesha, tazama mwili mzima: amekaa juu au chini ukilinganisha na gurudumu, miguu iko wapi, mgongo umeinama vipi. Mara ya pili, tazama mkono mmoja tu, tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama mkono wa pili ndio unaofanya vituko. Mara ya tatu, hesabu: amechota maji mara ngapi, amevuta kuta mara ngapi. Wanafunzi huvuta mara nane au kumi na kuuchosha udongo kwa maji, na mfinyanzi mzoefu mara nyingi humaliza kwa mara tatu au nne. Kama hataonyesha mara tatu, mwombe. Wasanii wengi hufurahia ombi la kurudia bila maneno, maana kuzungumza na kufinyanga kwa pamoja huwavuruga nao.

Angalia pia gurudumu lake linakwenda upande gani. Wafinyanzi wa Ulaya na Marekani kwa kawaida huzungusha kinyume cha mishale ya saa na kufanya kazi upande wa kulia wa bonge. Mapokeo ya Japani huzungusha kufuata mishale ya saa, na kazi hufanyika upande wa kushoto. Usipoligundua hilo mapema utaiga mkono wa kulia mahali palipotakiwa wa kushoto, na hutaelewa kwa nini udongo unakataa. Magurudumu mengi ya umeme yana swichi ya kubadili upande, kwa hiyo jaribu angalau mara moja kama anavyofanya yeye kabla ya kurudi kwenye mazoea yako.

Na si wote watakaokaa. Ladi Kwali wa Nijeria alijenga mitungi mikubwa kwa misokoto huku mtungi umetulia na yeye mwenyewe akiuzunguka kwa miguu. Mwaka 1954 alijiunga na kituo cha mafunzo ya ufinyanzi alichokianzisha Mwingereza Michael Cardew huko Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja, akajifunza gurudumu na glezi za moto mkubwa, lakini hakuuacha mwendo wake. Mwaka 1972 alizunguka Marekani na Cardew akionyesha kazi hiyo mbele ya watu. Mtu aliyekuwa akitazama mtungi peke yake angeona mtungi wa duara. Aliyetazama miguu angeona duara hilo linatoka wapi.

Kuhusu kupiga video, omba ruhusa kwanza. Ukiruhusiwa, piga vipande vifupi vya mikono kwa karibu, kisha weka simu chini. Mchoro mbaya wa vidole ulioandika kando yake "dole gumba ndani, shinikizo kutoka chini" utakusaidia zaidi ya saa mbili za video ambayo hutaifungua tena.

Hatua ya 5: Iga kwa wingi, kata, rudia

Zamu yako ikifika, pima mabonge madogo yanayolingana uzito, matano au sita, uyaweke tayari kabla ya kuanza. Tengeneza umbo lilelile kwa kila bonge. Likikamilika, lipitishie waya katikati kutoka mdomoni hadi kitakoni, ulitazame tumbo lake. Ukuta unatakiwa uwe na unene unaokaribiana toka chini hadi juu. Karibu kila anayeanza atakuta chini pamevimba na juu pamekonda. Mwite mgeni aone kile kipande kilichokatwa. Swali la "kwa nini hapa pamebaki nene?" hujibika papo hapo kwa kugusa, wakati swali la "nifanyeje niwe mzuri?" halina jibu.

Kitako kikandamizwe kwa kidole au kibao kutoka pembeni kwenda katikati na kurudi. Usipofanya hivyo, wakati wa kukauka au kuchomwa utaona ufa wenye umbo la herufi S chini ya chombo. Ufa huo huanzia siku uliyofinyanga, hata kama utaonekana wiki mbili baadaye.

Katika kuunganisha vishikio na mikono ya birika, kanuni ni moja na wageni wote huirudia kwa lafudhi zao: sehemu zote mbili ziwe na unyevu sawa. Hatua inayofaa ni pale udongo umekuwa na ugumu wa ngozi, yaani unashikika bila kubonyea lakini bado ni baridi kwa unyevu. Kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo huohuo, bana kwa nguvu, kisha funika kwa plastiki usiku mzima ili unyevu usawazike.

Usijipe shida ya kufanana na msanii. Desemba 1952 mfinyanzi Bernard Leach kutoka Uingereza, mfinyanzi Mjapani Shoji Hamada na mwanafikra Mjapani Soetsu Yanagi walifika Archie Bray Foundation, kituo cha wafinyanzi huko Helena, Montana, Marekani, na Leach na Hamada wakaonyesha kazi mbele ya vijana wawili waliokuwa wakifanya kazi pale, Peter Voulkos na Rudy Autio. Voulkos baadaye alijulikana kwa vinyago vikubwa vya udongo vilivyopasuliwa, kutobolewa na kubebeshwa kimoja juu ya kingine. Huwezi kuvichanganya na bakuli la Hamada hata gizani.

Hatua ya 6: Maswali ya glezi na moto

Kila mshiriki hutaka fomula ya glezi ya mgeni. Ichukue, lakini ujue kwamba fomula peke yake haisafiri vizuri. Glezi ni silika inayotengeneza kioo, alumina inayoizuia isitiririke, na viyeyushi vinavyoishusha hadi kiwango cha moto ulichonacho. Kisha juu ya hayo kuna udongo ulio chini yake. Glezi ikisinyaa kuliko udongo, utapata mtandao wa nyufa nyembamba. Ileile juu ya udongo mwingine haitapasuka kabisa.

Kwa hiyo andika vitu vinne pamoja na fomula: aina ya udongo, namba ya koni, aina ya moto, na unene wa kupaka. Koni ni vile vipande vidogo vya udongo maalumu vinavyopinda tanuri likifikia kiasi fulani cha joto kwa muda fulani. Soma namba kwa makini. Koni 06 hupinda karibu na nyuzi 1000, na koni 6 hupinda karibu na nyuzi 1220. Ile sifuri ya mbele imeharibu rafu za matanuri mengi, kwani udongo wa moto mdogo ukipelekwa koni 6 unaweza kuyeyuka na kumwagika.

Aina ya moto nayo hubadilisha rangi yenyewe. Shaba katika moto wenye hewa ya kutosha hutoa kijani, na katika moto ulionyimwa hewa inaweza kutoa nyekundu nzito. Chuma kidogo, asilimia moja au mbili, katika moto ulionyimwa hewa hutoa ile kijani-buluu tulivu ya glezi iitwayo seladoni. Kikifika karibu asilimia nane au kumi hutoa weusi na hudhurungi. Kama tanuri lako ni la umeme na mgeni huchomea gesi au kuni, mwambie hivyo waziwazi na umwombe fomula nyingine. Anazo.

Uliza pia kama glezi ina madini yenye sumu kama risasi au bariamu, na kama inafaa kwa vyombo vya chakula. Msanii anayetengeneza sanamu hana sababu ya kujali hilo. Wewe unayetaka kutengeneza vikombe unayo.

Wapo wasiotumia glezi kabisa, na warsha zao zinastahili kutafutwa. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Kenya mwaka 1950, alikwenda kujifunza katika kituo hichohicho cha Abuja katikati ya miaka ya 1970. Vyombo vyake hujengwa kwa mkono, husuguliwa hadi ving'ae, na rangi yake huamuliwa na moto: wenye hewa huacha wekundu wa machungwa, na ulionyimwa hewa huleta weusi. Kusugua huko kunataka kuanza udongo ukiwa na ugumu wa ngozi, kwa kokoto laini au mgongo wa kijiko, na kurudia. Ukiwa mkavu sana hautang'aa, ukiwa mbichi utachubuka. Saa ya kuanza ndiyo siri yote, na saa hiyo huipati ila kwa kugusa chombo cha anayejua.

Hatua ya 7: Mgeni ameondoka, vyombo vimebaki

Siku ya mwisho, andika alama yako chini ya kila kipande, na mwulize mwenyeji nani atapanga tanuri na atachoma lini. Kausha polepole. Mdomo na vishikio hukauka kabla ya kitako, kwa hiyo vifunike kwa plastiki na uache sehemu nyingine za chombo zipumue. Udongo wa moto mkubwa husinyaa kwa jumla asilimia kumi na zaidi hadi kuiva: chombo cha sentimita 20, kikisinyaa asilimia 12, kitatoka tanurini na sentimita 17.6. Kama mgeni alikupa vipimo vya mfuniko, hakikisha ni vya udongo mbichi.

Moto wa kwanza upande taratibu. Vyombo hupasuka tanurini hasa kwa sababu ya maji yanayogeuka mvuke baada ya nyuzi 100, ingawa lawama nyingi hutupiwa hewa iliyonaswa. Chombo kinene kikae chini kidogo ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa. Kabla ya kukiingiza tanurini, kiguse shavuni: kikiwa baridi, bado kina maji. Na karibu nyuzi 573 chembe za kwatzi (silika iliyomo kwenye udongo) hubadilika ukubwa ghafla, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, kwa hiyo usifungue tanuri mapema kwa hamu.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza baada ya warsha

Rudi kwenye udongo haraka, kabla mikono haijasahau. Chukua mbinu moja tu kati ya zote ulizoziona, na uifanye kwa udongo wako mwenyewe. Kwa glezi, tengeneza vigae vidogo vya majaribio vyenye sehemu laini na sehemu yenye mikwaruzo, visimame wima ili uone kama glezi inatiririka. Kila kigae andika nyuma fomula, koni na idadi ya mara ulizochovya. Ukitumia fomula ya mgeni kwenye kazi unayoionyesha watu, taja jina lake.

Mambo yakigoma, mwandikie. Wasanii wanaosafiri kufundisha hupokea maswali mengi, na mengi hayajibiki kwa sababu yameandikwa "glezi yangu imeharibika, nifanyeje?" Tuma picha ya chombo mbele na chini, taja udongo, koni, aina ya moto, muda wa kupoza, na unene wa glezi. Kama kuna ufa, kivunje chombo penye ufa na upige picha ya kingo zake. Kingo zilizojaa glezi zinaonyesha kwamba ufa ulikuwepo kabla glezi haijayeyuka, na kingo kali zilizo tupu zinaonyesha kwamba umetokea wakati wa kupoa. Kwa picha hiyo moja anaweza kukujibu hata akiwa mbali.